Redio, jukwaa au visa vya kesho: mwandishi na mwanasayansi waanzie wapi?

Ukitaka kuwaunganisha waandishi na wanasayansi hapa Kisumu kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi, usianze na fani unayoipenda. Anza na mwanasayansi uliyempata, umuulize elimu yake inazungumzia wakati gani. Wako wanaojua kitu kuhusu miezi mitatu ijayo. Wako wanaochunguza mafuriko yaliyokwisha kupita na kutafuta chanzo chake. Wako pia wanaokokotoa hali ya miaka thelathini ijayo. Elimu hizi tatu hazibebwi na chombo kimoja. Utabiri wa msimu ukitiwa ndani ya ngonjera ya shule, unachakaa kabla ya wanafunzi kuikariri. Makadirio ya mwaka 2050 yakisomwa redioni kama tangazo la wiki ijayo, yanawatia watu hofu isiyo na kazi.

Kwa hiyo nitalinganisha njia tatu nikizitazama kutoka kando ya ziwa hadi Nakuru: mchezo wa redio, jukwaa la shule na kijiji, na visa vya kesho vinavyoandikiwa wapangaji wa kaunti. Hazina uzito sawa machoni pangu, na nitasema wazi ninakoegemea.

Mchezo wa redio

Redio inafaa utabiri wa msimu kuliko kitu chochote kingine, na sababu kubwa ni kalenda. Mwishoni mwa Agosti wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika hukutana chini ya ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi hizo, wakatoa mwelekeo wa mvua ya vuli ya Oktoba hadi Desemba. Mwanzoni mwa mwaka hukutana tena kwa ajili ya masika. Mikutano hiyo imekuwepo tangu 1998. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huchukua mwelekeo huo ikatengeneza utabiri wa nchi, kisha ofisi za kaunti zikaushusha hadi mashinani. Katika kaunti kadhaa kuna kikao cha kabla ya mvua ambapo mtaalamu wa hewa, afisa wa kilimo, wa mifugo, wa afya, wakulima na wazee wanaosoma dalili za mvua huketi pamoja na kukubaliana ushauri. Kutoka hapo hadi tone la kwanza ni wiki chache tu. Hakuna kitabu kinachoweza kukimbia kwa kasi hiyo. Redio inaweza.

Ugumu uko kwenye lugha ya utabiri wenyewe. Karatasi ile haisemi kwamba mvua itanyesha sana. Husema, kwa mfano, kwamba uwezekano wa mvua kuzidi wastani ni asilimia 45, kuwa karibu na wastani asilimia 35, na kuwa chini ya wastani asilimia 20. Maana yake, utabiri kama huo ukitolewa mara kumi, yapata mara mbili mvua itakuwa haba, na mtabiri atakuwa hajakosea. Hapo ndipo mwandishi wa mchezo hukwama, kwa kuwa mchezo unataka tukio. Mama Akinyi akisikiliza utabiri, akahamisha mahindi yake hadi kwa shemeji aliye mlimani, na Mto Nyando ukafurika kweli, basi msikilizaji wa Ahero ameshafunzwa kwamba utabiri ni ahadi. Msimu ambao mvua itakosa, haaminiki mtabiri wala mchezo.

Njia ninayoiona kuwa ya kweli zaidi ni kuzigawa zile asilimia kwa watu. Chukua nyumba tatu jirani zilizosikia utabiri uleule. Ya kwanza inaweka kila kitu kwenye mvua nyingi. Ya pili haiweki chochote. Ya tatu inafanya yale yanayofaa mvua ikija au isipokuja: inachimba mitaro, inapanda mtama na viazi vitamu kando ya mahindi, inainua ghala. Kisha uache mchezo uende misimu miwili, utabiri upatie mmoja na mvua ikose katika mwingine. Hapo kisa kinahusu jinsi mtu anavyoamua akiwa hana hakika, na hilo kila mkulima analifahamu tangu utotoni. Lakini ili kisa kijengwe hivyo, mtaalamu wa hewa lazima awepo siku ya kupanga kisa. Akiletewa mswada uliokwisha ili akague, atasahihisha maneno mawili matatu na kuacha kosa kubwa palepale lilipo, kwenye mifupa ya hadithi.

Eneo letu lina mfano wa ushirikiano wa namna hiyo ambao unastahili kuangaliwa kabla ya kutafuta mifano ya mbali. Huko Bunyore, Kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi kwa kusoma mvua kutokana na miti, ndege, vyura na wadudu wa msitu wao. Mwishoni mwa miaka ya 2000, wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa, ICPAC na vyuo vikuu vya eneo hili walianza kuketi na wazee hao. Kila upande ulileta utabiri wake wa msimu, wakaupatanisha, na tamko moja likapelekwa kwenye mabaraza, makanisani na shuleni. Redio ya jamii nayo ikafunguliwa kwao. Kinachonigusa katika habari hiyo ni kwamba hakuna aliyeitwa kuja kupamba kazi ya mwingine. Kila upande ulikuja na elimu, na hivyo ndivyo ninavyotaka mwandishi aingie: akiwa na ujuzi wake wa jinsi watu wanavyosikia jambo na kulikumbuka.

Idara ya Hali ya Hewa ina redio nyingine ya jamii kule Budalang'i, Bulala FM, mahali ambapo Mto Nzoia umevunja kingo zake mara nyingi. Kikundi cha waandishi wa Busia au Siaya kingekuwa na kituo, wasikilizaji na wataalamu mahali pamoja.

Kuna somo moja la sayansi ambalo redio ingelifanyia haki, nalo ni Bahari Hindi. Watu wengi wamelishika jina El Niño, lile joto la Bahari ya Pasifiki linalogeuza mvua yetu, na kuliachia hapo. Mwaka 2015 nchi ilijiandaa kwa El Niño kubwa, na sehemu nyingi hazikupata maafa yaliyotarajiwa. Mwishoni mwa 2019 hapakuwa na El Niño ya kutajika, lakini upande wa magharibi wa Bahari Hindi, ulio karibu na pwani yetu, ulikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia kwa kiwango ambacho ni nadra kuonekana, na mvua ikamwagika hadi ziwa likavuka ufuo. Mwaka 2023 hali zote mbili zilikutana. Oktoba viongozi waliwaambia wananchi kwamba El Niño haitakuwa kali kama ilivyohofiwa. Novemba mafuriko yakaua watu na kuwafukuza maelfu makwao. Mambo haya yanahitaji vipindi vingi, mhusika anayeuliza na mwingine anayejibu, na kurudia bila kuchosha. Mchezo wa kila wiki umeumbwa kwa kazi hiyo.

Gharama nayo ni kubwa, tusifichane. Studio, waigizaji na muda wa hewani vinalipiwa wiki baada ya wiki, na kituo kikubwa cha Kidholuo au Kiluhya hakitoi nafasi ya jioni kwa huruma. Tena mwandishi hamwoni msikilizaji. Vikundi vya wanawake na vya wavuvi vikiombwa kusikiliza pamoja na kutuma maswali, pengo hilo hupungua, kwa sababu mtaalamu anaweza kujibu katika kipindi kinachofuata.

Jukwaa

Hapa ndipo redio na jukwaa vinapoachana. Kosa la redio linaweza kusahihishwa wiki ijayo. Ngonjera ikishapanda tamasha, watoto wameikariri, wazazi wameisikia, shule jirani imeiga mishororo yake, na kosa lililomo linaimbwa muhula mzima. Kwa hiyo jukwaa lipewe elimu ambayo haitabadilika kesho: mambo yaliyokwisha kutokea na yakachunguzwa.

Tazama Nakuru. Ziwa Nakuru limepanda tangu karibu mwaka 2010 hadi likafunika lango kuu la zamani la mbuga na kuwahamisha watu wa mitaa ya kando. Maji mengi yalipunguza magadi, mwani unaoliwa na heroe (flamingo) ukapungua, nao ndege wakatawanyika kwenda maziwa mengine kama Bogoria. Ukimuuliza mwanajiolojia chanzo, atataja mvua iliyoongezeka, udongo unaoshuka kutoka vilima vilivyokatwa miti, na pengine mwendo wa ardhi ya Bonde la Ufa. Mwandishi anayetaka adui mmoja atamkata kauli katikati. Namwomba asimkate. Mzozo kati ya wahusika watatu, kila mmoja akishika chanzo kimoja na kukitetea kwa maslahi yake, una uhai zaidi jukwaani kuliko mzee mmoja anayewalaumu wakata miti kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kaunti hiyohiyo inatupa onyo zito zaidi. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka Solai na kuua watu zaidi ya arobaini. Tarehe 29 Aprili 2024 maji na matope yaliporomoka Mai Mahiu usiku na kuua makumi ya watu. Habari za kwanza za Mai Mahiu zilisema ni bwawa. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba ni mfereji wa chini ya reli ulioziba kwa takataka za mafuriko, maji yakajikusanya kisha yakabomoa. Mvua kubwa ilikuwepo katika misiba yote miwili. Lakini mchezo unaosema "tabianchi iliwaua" unawapa nafasi ya kukaa kimya watu waliopaswa kukagua mabwawa na kuzibua mifereji. Mwanasayansi wa kweli atakwambia sehemu gani ni ya anga na sehemu gani ni ya mikono ya watu, na mwandishi ana wajibu wa kuziacha zote mbili zisikike.

Kwetu Kisumu kuna hesabu inayofaa kuwekwa mbele ya hadhira. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipita kiwango cha juu kilichowekwa mwaka 1964, baada ya kupanda zaidi ya mita moja ndani ya miezi michache. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliyoletwa na binadamu yaliongeza uwezekano wa tukio hilo takriban mara 1.8, na kwamba yaliongeza kama sentimita 7 kwenye kimo cha maji. Sentimita saba ndani ya mita nzima! Kwa mwandishi mwenye haraka hiyo ni idadi ya kukatisha tamaa. Kwangu ni mchezo mzima: mama wa Dunga aliyejenga kwenye ufuo kwa sababu babu zake walijenga hapo, kijana wa chuo anayekuja na zile sentimita saba, na swali la nani alipe.

Kwa upande wa kalenda, jukwaa la shule lina bahati ambayo ni wachache wanaitumia. Mashindano ya drama hufanyika muhula wa kwanza, yakipanda kutoka kaunti ndogo hadi taifa, na tamasha la muziki lenye mashairi na ngonjera hufika kilele Agosti. Ngonjera iliyoandikwa Mei inakuwa vinywani mwa watoto majuma machache kabla ya vuli. Gharama yake ni ndogo pia, kwa kuwa mwalimu yupo, wanafunzi wapo, na hadhira inakuja yenyewe. Upungufu wake ni majaji. Shule hutunga ili ishinde, na ushindi hupenda machozi, sauti kubwa na suluhisho la dakika ya mwisho. Mtaalamu akiwa mmoja wa watunzi, inampasa ajue shinikizo hilo lipo na asilichukulie kama dharau.

Jukwaa la kijijini, chini ya mti au kwenye baraza la chifu, halina majaji, na hapo ndipo hadhira inaweza kusimama na kupinga. Kama una mtaalamu anayeweza kuvumilia kupingwa hadharani na mzee wa Nyakach aliyeyaona mafuriko ya miaka ya sitini kwa macho yake, chagua hilo badala ya la shule.

Visa vya kesho

Njia ya tatu haijulikani sana hapa, ingawa imekwisha kufanyiwa kazi katika eneo letu. Mradi wa HyCRISTAL, ulioanza 2015 na kuwaunganisha watafiti wa Uingereza na wa Afrika Mashariki, uliandika masimulizi mafupi ya jinsi maisha yanavyoweza kuwa katikati ya karne hii, ya vijijini na ya mijini. Haukuandika moja. Uliandika matatu, kwa sababu modeli za tarakilishi zinakubaliana juu ya joto lakini zinatofautiana juu ya mvua. Nyingi zinaonyesha masika ikiongezeka, ilhali vipimo vya miongo ya mwisho wa karne iliyopita na mwanzo wa hii vilionyesha masika ikipungua. Wataalamu bado wanaufumbua ugomvi huo. Mradi mwenzake wa FRACTAL, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, ulitumia masimulizi ya aina hiyo katika miji kama Lusaka na Windhoek, wakiyaandika na kuyaandika upya pamoja na maafisa wa jiji.

Faida yake kubwa ni kwamba kutokuwa na hakika kunakuwa muundo wa maandishi. Chukua kitu kimoja, tuseme choo cha shimo katika mtaa wa Nyalenda, ambako maji ya chini ya ardhi yako juu. Kiandike mara tatu: katika kesho yenye mvua nyingi zaidi, katika kesho yenye mvua chache lakini za ghafla, na katika kesho yenye kiangazi kirefu. Mhandisi wa kaunti akisoma visa hivyo vitatu kwa mfululizo, atauliza ni choo gani kinachofaa katika vyote. Hilo ndilo swali linalotakiwa kwenye mpango wa miaka mitano wa kaunti, na ripoti ya kurasa mia mbili humfanya alikose.

Udhaifu wake ni kwamba wasomaji ni wachache, na mara nyingi masimulizi hayo huandikwa na watafiti peke yao, kwa Kiingereza, yakiwa na watu wasio na majina wala hasira. Hapo ndipo mwandishi wa Kisumu ana nafasi ambayo bado iko wazi. Kamati za tabianchi za wadi, zinazopanga miradi ya fedha za kaunti, zingesoma kisa cha kurasa mbili kwa Kiswahili au Kidholuo kabla ya kupiga kura kati ya kisima, kalvati na miche.

Mikusanyiko ya hadithi fupi na safari za pamoja nitazipitia haraka. Nchini Uingereza, shirika la Cape Farewell lilianza kuwapeleka wasanii na wanasayansi pamoja kwenye barafu ya Aktiki miaka ya mwanzo ya karne hii. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kilianza mashindano ya hadithi fupi za tabianchi mwaka 2016. Siku chache ndani ya mashua ya watafiti wa samaki, kwenye Ghuba ya Winam yenye magugu maji, zingemfaa mwandishi wetu yeyote. Lakini kama fedha zinatosha kazi moja tu, kitabu kisiwe cha kwanza. Na kwa dhoruba za ziwani, ambazo utabiri wake ni wa saa chache, acha hadithi kabisa: mvuvi wa omena anahitaji tangazo fupi kwa lugha yake kabla ya kusukuma mashua.

Chaguo langu

Kikundi chenye kituo cha redio cha kushirikiana nacho kichague mchezo wa redio bila kusita, hata kama ni wa vipindi sita tu. Andikeni mifupa ya kisa Juni na Julai, mwache vipindi vya katikati wazi, mvijaze Septemba utabiri utakapotoka. Mwalimu mwenye wanafunzi na mtaalamu mmoja anayepatikana kwa simu achague jukwaa, na achukue tukio lililotokea ndani ya kaunti yake mwenyewe. Mwandishi aliye peke yake, mwenye subira na asiyejali makofi, achague visa vya kesho, kwa sababu uhaba wa watu wa kazi hiyo ni mkubwa kuliko penginepo.

Njia yoyote mtakayoishika, andikeni makubaliano mapema. Mwanasayansi awe na kauli ya mwisho juu ya lililo kweli, mwandishi juu ya namna ya kulisema, na jina la kila mmoja liwe kwenye kazi. Mwandishi alipwe tangu kikao cha kwanza, kama mtafiti anavyolipwa. Miradi mingi humwita mwishoni kwa posho ya siku moja, kisha ikashangaa kwa nini maandishi hayana roho. Na kabla ya hayo yote, nendeni ofisi ya hali ya hewa ya kaunti yenu mkaulize tarehe ya kikao cha kabla ya mvua, na mwombe kiti kimoja cha mwandishi.